Kiraka Chenye Jina

Bi Mwanakheir binti Mcha hakupenda kuona nguo inatupwa, na zaidi hakumpenda aliyeitupa. Akipita uchochoroni akakuta tambara jaani, huinama, huliokota, hulikung'uta, hulitazama juani, kisha huuliza kwa sauti ya kusikika nyumba tatu, "Nani huyu aliyeshiba hivi?" Watu wa Jang'ombe walikwishamzoea. Wengine walificha matambara yao mpaka apite, ndipo wakayatupe.

Kazi yake ilikuwa viraka. Sindano alifundishwa na mama yake, Bi Mwatima, kwa kushona kofia za viua, zile zinazotobolewa vitundu vidogo vidogo na kuzungushiwa uzi, na mtu aliyekwisha kuzungusha uzi kwenye kitundu cha ukubwa wa punje ya mtama haogopi goti la suruali. Mumewe alikufa mwaka mmoja kabla ya Mapinduzi, akamwachia binti mmoja, Wanu, na kofia ndizo zilizowaweka mjini mpaka Wanu akaolewa Wete. Baadaye maduka ya nguo ya Darajani yakaanza kufungwa moja moja, wenyewe wakisafiri, na nguo mpya ikawa jambo la foleni. Ukisikia kitambaa kimefika duka la serikali unakwenda kusimama tangu alfajiri, na ukifika mbele unapewa ulichokikuta, si ulichokitaka. Hapo ndipo watu walipoanza kuzitazama nguo zao kuukuu kwa adabu, na njia ya kwenda kwa Bi Mwanakheir ikaota kijia.

Alikuwa akijua kuipa nguo umri wa pili. Kola ya shati iliyochakaa aliifumua akaigeuza, upande wa ndani ukatoka nje, na mwenye shati akaonekana mtu mpya. Shuka iliyokwisha katikati aliipasua kwa urefu, akaunga kingo zilizokuwa bado nzima, mwenye nyumba akalala tena miaka mitano. Kanzu ya baba ilikuwa shati la mtoto, na mfuko wa unga, ukianikwa juani wiki nzima, ulikuwa shumizi, ingawa muhuri wa kiwanda ulikataa kutoka na waliouvaa walitaniwa. Hata uzi hakununua kama angeweza kuuchopoa kwenye pindo la kitu kingine.

Na kanga aliipangia maisha yake kabisa. Ikiwa mpya ni ya kutokea. Ikichuja, ya nyumbani. Ikizidi, ya jikoni na ya kulalia. Ikilainika barabara, hapo ndipo inapopata cheo, maana hakuna nguo mpya inayofaa kumbeba mtoto wala kumfunga winda kama kanga iliyofuliwa miaka kumi. Baada ya winda ni tambara la kudekia. "Usiache mbachao kwa msala upitao," akiwaambia wasichana waliokuwa wakililia doti mpya. Wao wakicheka, lakini kanga zao walimletea.

Basi mtu huyu alikuwa na kasoro moja, na aliificha kama watu wanavyoficha maradhi. Hakujua kusoma maandishi ya Kizungu. Msahafu alihitimu akiwa na miaka kumi, barua za mumewe zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu alizisoma mwenyewe bila ya kuomba mtu, na hata kanga za utotoni mwake zilikuwa na majina ya herufi hizo hizo, akiyasoma mpaka watu wakashangaa. Kisha majina ya kanga yakageuzwa Kizungu, na aliyegeuza hakumuuliza Mwanakheir. Siku ya mwanzo mtu alipomletea kanga ya maandishi yale na kumuuliza jina lake, alilijua, kwa kuwa alimsikia mwuzaji wa Darajani akilitaja. Akalitaja na yeye. Wanawake wakasema, "Tazama, huyu anasoma kote kote." Ile ilikuwa nafasi ya kusema hapana. Hakusema. Aliipenda ile sifa, akaivaa, na tangu hapo akawa anashika kila ua na jina lake kichwani, kanga kwa kanga, ili asije akakamatwa. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na elimu nayo ni hivyo hivyo.

Ndani ya nyumba yao hapakuwa na wa kumkamata. Aliishi na mdogo wake, Makungu, aliyemlea tangu mama yao alipokufa. Makungu akitengeneza baiskeli, na skuli aliitoroka darasa la kwanza. Mkewe, Kazija, alikuwa mtu wa Kitogani, huko kusini karibu na msitu wa Jozani, na yeye alisoma chuo cha Kurani tu, kama wasichana wengi wa shamba wa rika lake.

Inasemwa mawifi hawapendani, na nusu ya kanga za madukani zimeandikwa kwa ajili ya ugomvi wao. Hawa wawili walipendana. Kazija alipoletwa bibi arusi alimkuta wifi yake amekwisha kumshonea mito minne kwa vipande sitini vya nguo za watu, kila kipande na historia yake, na usiku ule ule Bi Mwanakheir alimweleza kila kipande kilikuwa nguo ya nani. Walikesha wakicheka. Kazija alikuwa akimwita "wifi" kwa kila pumzi, wifi njoo, wifi tazama, wifi umekula, mpaka Makungu akauliza kama yeye ana jina humo ndani.

Kilichowakosesha raha ni watoto. Mimba mbili za Kazija ziliharibika. Ya tatu ilifika, akazaliwa mtoto wa kiume, wakamwita Mjaka, akaishi miezi saba. Homa ilimchukua kwa siku mbili. Kazija alikuwa akimbeba kwa kanga moja nyekundu yenye maua meusi na meupe. Ya pili ya doti ile ilimfunika mtoto siku ya maziko na haikurudi nyumbani. Hii iliyobaki Kazija aliifua mwenyewe, hakumpa mtu kuifua, na aliivaa mpaka ikatoboka nyuma, tundu la kuingia kiganja.

Ilikuwa mwaka wa sitini na nane alipoileta. Aliikunja kwanza, akaishika mapajani muda, kisha akasema, "Wifi, hii usinambie niifanye tambara."

"Nani kakwambia tambara? Lete."

Bi Mwanakheir alitafuta rangi yake siku tatu. Kiraka chake hakikuwa cha kubandikwa tu. Nyekundu ilitakiwa iwe nyekundu ile ile, iliyochuja kiasi kile kile. Mwisho aliipata chini ya sanduku, kanga kuukuu aliyopewa na mwanamke mmoja aliyerudi Mombasa, ambayo hakuwahi kuisikia ikitajwa dukani. Mji wake, ile sehemu ya katikati, wote ulikuwa umekwisha, umekuwa kama ganda la kitunguu. Penye nguvu palibaki mahali pamoja tu, pale penye jina. Jina lenyewe lilisema, MWENYE WEMA HANA MWANA MMOJA, na ni neno zuri, la mtu ambaye watoto wote ni wake. Bi Mwanakheir aliona mistari na miduara.

Alipima tundu, akapima kitambaa. Jina zima halikuenea. Fundi mwingine angekata popote, lakini yeye hakuweza kuikata herufi katikati, ilimuuma macho, basi akatafuta penye nafasi, akapeleka mkasi hapo, na upande wa pili akatafuta tena penye nafasi. Yakatoka maneno mawili yaliyokamilika. Kisha akayaweka wima, sawa na pindo, akashona kwa uzi uliochopolewa kwenye kanga yenyewe. Mshono haukuonekana. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizopata kufanya, na aliifanya kwa mapenzi.

Kazija aliitandaza juu ya mkeka akaipapasa. "Kumbe umenitilia na jina! Linasemaje, wifi?"

Bi Mwanakheir alitazama. Aliona maneno ni mawili, basi akampa mawili.

"Subira njema," alisema.

Kazija akalia. Aliuchukua mkono wa wifi yake akauweka usoni. "Ahsante," alisema. "Ndilo nlilokuwa nnalihitaji."

Wiki mbili aliivaa nyumbani kwa raha. Wiki ya tatu palikuwa na arusi nyumba ya nne, na wanawake wa mtaa wakaenda kusaidia kupika. Kwa kazi ya jikoni mtu havai kanga mpya, na Kazija alikwenda na ile. Walikuwa uani, meko matatu ya moto, sufuria la pilau limeshapanda, na Kazija ameinama anachochea kuni. Nyuma yake alikaa msichana mmoja wa skuli anamenya vitunguu saumu. Wasichana wa skuli husoma kila kitu, hata karatasi ya sabuni. Akasoma kwa sauti.

"Hana mwana."

Mmoja akacheka kabla hajafikiri. Mwengine akakohoa kumfunika. Kazija alinyanyuka, uso umeiva kwa moto, akauliza kinachochekesha. Basi akaishika kanga yake nyuma, akaivuta mbele, akamwendea yule mtoto.

"Nisomee, mwanangu. Pole pole."

Msichana alikwishaona kuwa pana kitu, lakini mtu mzima amemwambia asome. "Ha-na. Mwa-na."

Kazija alirudi nyumbani na jivu mikononi. Bi Mwanakheir alikuwa amekaa anatia vifungo. Alimwona wifi yake amesimama mlangoni, kanga kaishika mbele kwa mikono miwili kama mtu anayeonyesha damu.

"Wifi, umeniandika."

"Nimekuandika nini?"

"Hana mwana. Umeniandika mgongoni hana mwana, nikaenda nayo mbele za watu."

Bi Mwanakheir alielewa yote kwa mara moja, na maneno ya kuyamaliza yalikuwa mawili, sijui kusoma. Yalifika kooni. Akawaona wanawake wote waliopita mlangoni kwake miaka ile yote na kanga zao, akawaona wanavyocheka.

"Sikuangalia," alisema.

"Hukuangalia? Weye unayetusomea kanga mtaa mzima hukuangalia? Umeyakata sawasawa, umeyaweka wima, na mie nikakuuliza. Nlikuuliza, wifi! Ukanambia subira njema." Sauti ilimkatika. "Ulikuwa unancheka."

"Wallahi sikukucheka."

"Basi ilikuwaje?"

Bi Mwanakheir aliitazama sindano yake. Aliyajua majibu, na aliyameza.

Jioni Makungu alirudi akakuta nyumba haina moto. Kazija alimtaka jambo moja tu, dada yake amtake radhi. Makungu alikuwa mtu mpole, lakini dada yule ndiye aliyemtafunia chakula mdomoni, na kumwambia akaombe radhi aliona ni kama kumwambia mama. Akasema dada hawezi kufanya kitu kama kile. Kazija akasema ukoo wenu mzima mmechoka na mimi kwa kuwa sizai, semeni wazi, msitumie kanga. Neno likavuta neno. Makungu akatoa talaka moja, ya hasira, na asubuhi Kazija akapanda gari la shamba na sanduku lake, hakuaga.

Talaka moja ina mlango. Muda wa eda, ile miezi mitatu mwanamke anayokaa, mume anaweza kumrejea mkewe kwa neno tu, bila ya mahari wala shekhe. Makungu aliujua mlango huo, na hasira yake haikumaliza wiki. Ila alitaka kujua anarudi na nini mkononi. Mwezi wa kwanza alikuja akakaa karibu na dada yake, akachezea kipande cha mpira wa baiskeli.

"Dada, nambie kweli. Uliyasoma yale maneno au hukuyasoma? Kama hukuyasoma, kesho nnakwenda Kitogani, ntamwambia, atanisikia."

Hapakuwa na mtu mwengine chumbani. Alikuwa ni mdogo wake, aliyemwogesha na kumfunga winda. Bi Mwanakheir akasema, "Mambo ya wanawake hayo, usijitie. Akishapoa atarudi mwenyewe."

Mwezi wa pili aliuliza tena, na safari hii alimwomba. Bi Mwanakheir akakasirika, hasira ya mtu mwenye makosa. "Kama ameamua kunidhania, mwache anidhanie. Mimi nimpigie magoti mtoto wa juzi?" Makungu alikuwa akimpenda mkewe, na alikuwa hajawahi kumsukuma dada yake, akashindwa kuchagua. Mtu anaweza kumkasirikia Bi Mwanakheir hapa, na ana haki. Yeye mwenyewe alijikasirikia kila siku ya miezi ile. Kila asubuhi alisema leo ntamwambia, na kila mteja aliyeingia na kanga na kuuliza jina alimkumbusha atakachopoteza. Mwezi wa tatu ukaandama. Eda ikaisha.

Bado Makungu angeweza kwenda kuposa upya, lakini wazee walikwishaingia kati, wakamtafutia mke mwengine, Mwanamwema, msichana wa Jang'ombe hiyo hiyo, mwenye tabia nzuri na afya. Mwaka haukwisha akazaa. Bi Mwanakheir alimpokea mtoto akamwimbia, akamkatia winda kwa kanga laini kuliko zote alizokuwa nazo, na machozi yakamtoka, watu wakasema ni furaha. Ilikuwa huzuni tupu. Kila mtoto alipocheka alimsikia Kazija.

Katika kazi yake alibadilika. Kitambaa chenye maandishi hakukitia tena kwenye kiraka cha mtu, hata kiwe kizuri vipi. Alikikata kando, akakitupa. Watu walishangaa kumwona Bi Mwanakheir anatupa nguo.

Mwaka wa sabini na mbili Mwanamwema alikuwa amejifungua wa pili. Siku moja aliingia na kanga aliyoipata foleni, akaitandaza miguuni kwa Bi Mwanakheir, furaha imemjaa. "Wifi, jina lake nini?"

Swali lile lile, na neno lile la wifi. Bi Mwanakheir aliikunja ile kanga akamrudishia.

"Kamuulize mwenye kujua, mwanangu," alisema, na Mwanamwema akadhani anaumwa.

Wiki ile ile kisomo cha watu wazima kilifika mtaani. Mwalimu, msichana mwembamba mwenye daftari, alipita nyumba kwa nyumba kuandika majina, na nyuma yake wanawake wamemfuata kama wanavyofuata ngoma. Walipofika kwa Bi Mwanakheir mmoja akasema, "Hapa ruka. Huyu ndiye anayetusomea sisi."

Msichana akaanza kupita. "Kweli unajua kusoma, bibi?" aliuliza, kwa adabu tu.

"Sijui," alisema Bi Mwanakheir.

Wakacheka, wakidhani ni mzaha. Akarudia. "Sijui hata herufi moja ya Kizungu. Sijapata kujua. Niandike." Kicheko kilikufa. Aliwaona wanavyotazamana, aliona wawili watatu wanarudi nyuma katika kumbukumbu zao mpaka kwenye ua wa ile arusi. Mmoja, aliyecheka siku ile, aliweka mkono mdomoni. Hakuna aliyemtukana. Lile aliloliogopa miaka yote lilipita kwa muda wa kunywa maji, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko kama wangemzomea. Kumbe lilikuwa jambo dogo kiasi hiki.

Kesho yake asubuhi alikuwa Kitogani. Alielekezwa nyumba ya ukoo wa Kazija, akazunguka uani, akamkuta amekaa juu ya mkeka anasuka ukili wa mkeka, miguu ameinyoosha. Alikuwa amekonda. Hakuolewa tena.

"Hodi."

"Karibu." Kisha akainua macho. Mikono ilisita, ikaendelea. "Karibu, Bi Mwanakheir. Shikamoo."

"Marahaba."

Alikaa bila ya kuvua ushungi. Njia nzima aliyapanga maneno, na sasa aliyasema yote kwa pamoja, kama mtu anayetua mzigo bila ya kutazama anatua wapi. "Kazija, nimekuja kwa neno moja. Nlipokutilia kile kiraka sikujua kimeandikwa nini. Sijui kusoma. Ile subira njema nliitunga, kwa haya. Nlikuwa nnawadanganya watu wote, na weye nikakudanganya. Kukucheka, Mungu shahidi yangu, sikukucheka."

Kazija alisuka mara tatu nne.

"Nnajua," alisema.

"Nani kakwambia? Habari za jana zimefika huku?"

"Hazijafika. Nnajua tangu mwezi wa kwanza wa eda. Mtu akikaa eda hana kazi ila kukumbuka. Nikakumbuka kila kanga uliyotusomea. Kidole chako kilikuwa kikitokea kulia, Bi Mwanakheir, kama unasoma Msahafu. Nikamwita mtoto wa kaka yangu aliye skuli, nikamwambia nionyeshe maandishi haya yanaanzia wapi. Akanionyesha kushoto."

"Basi mbona hukumtuma mtu kwa Makungu? Alikuwa anangoja sababu tu! Alikuwa akinibembeleza nimpe sababu!"

"Nitume mtu akaseme nini? Akamwambie dada aliyekulea ni mwongo, anawadanganya watu Jang'ombe nzima? Ningekuvua nguo. Sikutaka." Alitazama ukili wake. "Nikasema atakuja mwenyewe. Nlikuwa bado nna miezi miwili. Kila gari la mjini likisimama pale njiani nlikuwa nnatua kazi, nnatazama nani anashuka. Mpaka siku ya mwisho nlitazama. Nlipika na chakula siku ile."

Bi Mwanakheir alilia, si kilio cha haya tena. Alilia kama alivyolia siku ya Mjaka, ameushika mkeka kwa mikono miwili. Kazija alimwacha alie. Naye yalimtoka, akayafuta kwa mgongo wa mkono, haraka, kwa kuwa vidole vimeshika ukili.

"Nisamehe, wifi."

"Nshakusamehe zamani. Hilo usilibebe." Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Lakini usiniite wifi, Bi Mwanakheir. Wifi yako yuko Jang'ombe, ananyonyesha."

Gari la kurudi mjini lilikuwa la alasiri. Kazija akainuka, akamletea maji ya kunawa, akamtandikia mkeka mwengine, ule mzuri wa ndani, akamkaribisha kula kama anavyokaribishwa mgeni.